Kitufe cha Nifutie

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimerudi nyumbani damu inanichemka. Tulikuwa na kikao cha idara. Mkuu wetu wa idara anastaafu mwisho wa mwezi. Habari njema hiyo! Nimeisubiri tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nani mwingine apewe kiti kile? Mkongwe ni mimi. Niliyeandika kitabu kizima kuhusu kauli ya kutendea, pikia, somea, fungulia, ni mimi. Wanafunzi wananiita Bwana Kutendea, nami sijawahi kukataa.

Sasa sikia. Mkuu wa kitivo, yule mama wa miwani ya kamba, akasimama akasema chuo kinakwenda na wakati. Ukuu wa idara atapewa mhadhiri anayetumia vizuri mitandao ya kijamii katika kufundisha. Tujionyeshe, naye ataamua Ijumaa ya wiki ijayo. Halafu akamtupia jicho nani? Binti Vitunguu!

Binti Vitunguu ni mhadhiri mwenzangu na mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha mimi, nikamsahihishia mimi, nikamwandikia mimi barua ya kuombea kazi. Leo ana wafuasi mtandaoni wa kujaza uwanja wa mpira, kwa sababu anafundisha ngeli akiwa jikoni kwake anakaanga vitunguu. Kitunguu, vitunguu, ki-vi, chwaaa kwenye mafuta. Huo ndio usomi? Tunakaa chumba kimoja, yeye, mimi na mashine mbovu ya kutoa nakala, chumba kisicho na dirisha. Ofisi ya mkuu wa idara ina dirisha. Kubwa, linaangalia bustani. Dirisha lile ni langu, naapa.

Tatizo dogo. Mimi ndiye ninayepita darasani na ndoo ya plastiki nikikusanya simu za wanafunzi kabla ya kipindi. Ndoo yenyewe nimeiandika TAKATAKA. Nimeificha nyuma ya kabati.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimefungua grupu. Kiongozi wa darasa la mwaka wa pili amenisaidia, msichana mwenye adabu, ila muda wote alikuwa kama anazuia chafya. Jina: Mnyambuliko wa Vitenzi, Mwaka wa Pili. Nikaweka kanuni. Ya kwanza, hakuna mzaha. Zilizofuata zilikuwa ndefu mpaka simu ikazikata katikati na kuandika "soma zaidi". Hakuna aliyesoma zaidi.

Nikauliza swali la kisomi: kuna tofauti gani kati ya "nipikie" na "nipikishie"? Nikangoja. Jibu la kwanza, kidole gumba. La pili, kidole gumba. La tatu, picha ya paka amelala. Nikauliza paka huyu anamaanisha nini. Akaletwa paka wa pili. Nikafoka kwa herufi kubwa! Hapo simu ikaanza kunitangazia: fulani amejitoa, fulani amejitoa, fulani amejitoa. Wanakimbia elimu hao.

Nilipogeuka nikamkuta Binti Vitunguu anatabasamu na simu yake. Ananicheka, najua. Akaniuliza, kwa heshima zake zile, kama mwalimu anahitaji msaada kidogo. Nikamjibu kwamba nilikuwa nasimama mbele ya darasa wakati yeye bado anasema "mtoto kizuri". Akarudi kwenye simu yake. Safi! Mke wangu anasema nimekosea kumjibu hivyo. Mke wangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi na anaendesha grupu la wazazi, basi anajiona profesa wa mitandao.

Alhamisi, 10 Oktoba

Grupu limedoda. Mkuu wa kitivo anaweza kuuliza idadi wakati wowote. Nikapata wazo. Grupu ni watu, na watu ninao! Nikamwingiza shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi simu. Nikamwingiza kinyozi wangu. Nikamwingiza fundi bomba anayenikwepa tangu aache bafu langu linavuja. Na mama mkwe. Mama mkwe ana simu nzuri kuliko yangu, na nilimnunulia mimi.

Balaa! Kabla sijaketi, mama mkwe ameshatuma picha ya waridi lililoandikwa "Asubuhi njema wanangu". Kisha dawa ya kikohozi. Kisha ujumbe mrefu wa sauti akiuliza nani humu bado hajapata mchumba. Wanafunzi waliokuwa wamelala fofofo wakaamka wote! Shikamoo, bibi! Bibi, na mafua je? Waliojitoa wanaomba kurudishwa. Fundi bomba, ambaye simu zangu hapokei, anamshauri mtu kuhusu choo cha bweni!

Nikaandika kwa ukali kwamba humu tunazungumzia mnyambuliko tu. Mama mkwe akanijibu mbele ya kadamnasi nzima: mwanangu, umekula?

Mchana mkuu wa kitivo akanisimamisha kwenye ngazi. Amesikia grupu langu lina uhai sana. Nikamshukuru. Nilimshukuru huku nimekunja ngumi mfukoni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeamua kutengeneza video. Ikiwa Binti Vitunguu anaweza na sufuria, mimi na kichwa changu hiki nitashindwaje? Nikaenda ofisini, chuo kimya. Nikaiwasha taa yake ya duara, ile ya kujirekodia, bila ruhusa. Taa hiyo imenichoma macho mwaka mzima, kuitumia ni haki yangu. Nikavaa koti. Nikaiegemeza simu kwenye vitabu, nikafundisha kutendea kwa ufasaha ambao sijawahi kuufikia maishani. Nilipofika kwenye mfano wangu maarufu, "mvua imeninyeshea", machozi yalinilenga. Mfano huo niliubuni mwenyewe, siku niliyoingia darasani nimelowa chapachapa, na darasa lile lilinipigia makofi. Nikaituma video palepale bila kuitazama.

Kamera ilikuwa imeelekea upande wa pili. Video nzima ni mashine ya kutoa nakala. Sauti yangu inasikika kwa mbali, kama mtu aliyefungiwa kabatini. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba leo mashine imeeleza vizuri sana. Mwingine anauliza kama mtihani nao utatungwa na mashine. Mama mkwe ameuliza mashine hiyo inauzwa wapi.

Nimebamiza mlango wa jokofu mpaka mke wangu akaniuliza jokofu limenikosea nini. Kila kitu, nikamwambia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkuu wa kitivo ametangaza: kesho ataingia kwenye magrupu yetu na kusoma kimyakimya. Asome nini kwangu? Waridi? Paka?

Binti Vitunguu hana wasiwasi hata chembe. Grupu lake limejaa wanafunzi wanaomsifu bila kuombwa. Mwalimu, leo nimeelewa! Mwalimu, ubarikiwe! Nimechungulia begani kwake nikaziona sifa hizo. Mimi nimefundisha miaka yote hii, nani aliwahi kuniandikia kwamba ameelewa? Iliniuma. Ilinikera kwanza, kisha ikaniuma, kisha ikanikera tena zaidi.

Basi kama hawasemi wenyewe, nitawasemea. Shemeji ana simu kuukuu yenye ufa kwenye kioo. Nimeiazima, nikaiwekea laini yangu ya pili, ambayo pale chuoni hakuna anayeijua. Nimejiingiza kwenye grupu langu kwa jina la Mwenye Kiu ya Elimu. Nimejikaribisha. Nimejibu asante. Shemeji aliniuliza kama nina hakika na jambo hili. Nikamwambia yeye atengeneze spika.

Jumanne, 15 Oktoba

Ushindi! Lakini ilikuwa nusura niumbuke, na sina budi kueleza jinsi elimu ilivyoniokoa.

Mkuu wa kitivo ameingia asubuhi, nimemwona jina. Nikangoja apumue. Kisha nikaandika sifa zangu kwa umakini, nikipima kila neno: "Mimi kama mwanafunzi mwenye kiu ya elimu namshukuru mwalimu wetu mpendwa, bingwa wa kauli ya kutendea. Yeye hatufundishi huku anakaanga vitunguu kama wengine tunaowajua. Apewe ukuu wa idara bila kuchelewa." Nikatuma. Nikaitazama simu iliyo mkononi.

Simu yangu! Ile ya shemeji imelala mezani! Zote mbili nyeusi! Nimejiita mwalimu wangu mpendwa kwa jina langu na picha yangu ya koti!

Mtu mwingine angezimia. Mimi nikaukandamiza ujumbe kwa kidole, na simu ikaniletea vitu viwili nichague. Cha kwanza, "Futia kila mtu". Cha pili, "Nifutie". Hapo ndipo mtu wa kawaida angebahatisha. Mimi nimeandika kitabu! "Futia kila mtu" maana yake kufuta kwa niaba ya kila mtu. Kila mtu yupi? Nani amenituma? Lakini "Nifutie": ni-, ndimi mimi, -fut-, mzizi, -i-, kutendea, -e, ombi. Yaani simu inangoja niiombe tu, kama mtu anavyosema nifulie shati, nishikie mkoba. Nikabonyeza Nifutie. Ujumbe ukatoweka! Aliyeifasiri simu hii lazima alisoma kitabu changu.

Nikachukua sasa ile ya shemeji, nikaandika sifa zilezile, bila kubadilisha hata nukta, maana nilikuwa nimezipenda. Nikatuma.

Tangu wakati huo grupu limenyamaza kabisa. Hakuna paka. Hakuna gumba. Hata waridi la mama mkwe halijaja. Kimya cha heshima hicho. Leo nimekula sahani mbili.

Jumatano, 16 Oktoba

Nataka kuvunja kitu. Nimetazama kila kitu ndani ya nyumba hii nikitafuta cha kuvunja.

Asubuhi mama mkwe alituma ujumbe wa sauti, na nikaufungulia kwenye chumba cha walimu, sauti juu. Alikuwa anaomba radhi kwa kuchelewa kunijibu, alilala mapema. Akasema amesoma zile sifa mara mbili, kwanza kutoka kwangu, kisha kutoka kwa huyo Mwenye Kiu, na amegundua kwamba namba ya Mwenye Kiu kwenye simu yake imeandikwa Mkwe Laini ya Pili. Akauliza: mwanangu, mbona unajisifu peke yako? Huko kazini hawakusifu?

Ndiyo! Nilimpigia kwa laini ile siku simu yangu ilipoisha chaji. Mara moja tu! Na yeye akaihifadhi!

Watu wote chumbani wakageukia vikombe vyao vya chai. Binti Vitunguu akatoka nje. Nilisikia mabega yake yakicheka, kama mabega yanaweza kusikika.

Nikamwambia mke wangu kwamba haiwezekani, kwamba ule wa kwanza niliufuta. Akauliza nilibonyeza nini. Nikamwambia. Akakaa kitini polepole. Akanieleza kwamba Nifutie inauondoa ujumbe kwangu peke yangu, wengine wote wanabaki nao, na ukishabonyeza hapo huwezi tena kuwafutia wengine. Watoto wa darasa la tano wanajua, akasema.

Hapana! Sikubali! Kosa si langu, kosa ni la simu! Nimewaandikia waliotengeneza mtandao huu barua kali, kurasa sita, pamoja na sura nzima ya kitabu changu. Nimewaamuru warekebishe Nifutie ifanye kile inachosema. Mke wangu ameuliza kama nimewaandikia kwa Kiswahili. Bila shaka kwa Kiswahili! Wanaweka vitufe kwa Kiswahili, watashindwaje kusoma?

Ijumaa, 18 Oktoba

Kikao cha uamuzi. Nilikwenda nimevaa lile koti.

Mkuu wa kitivo akasoma ule ujumbe kwa sauti, kisha akausoma tena, wa pili, ingawa ni uleule. Akauliza kama nina la kusema. Ninalo! Nikaenda ubaoni. Nikaandika n-i-f-u-t-i-e na kukichambua kiambishi kimoja kimoja. Nikasema hapa pana kosa la kisarufi la wenye mtandao, na mimi ni mhanga. Niliongea vizuri sana. Nilijisikia mwepesi. Wengine walianza kutikisa kichwa wakikubali, au hivyo nilivyoona.

Mkuu wa kitivo akamgeukia Binti Vitunguu, akamtaka aseme chochote, maana sarufi ni uwanja wake pia. Akasema asingependa. Akalazimishwa. Basi akasimama, mikono nyuma kama siku zile za darasani, akasema kwamba mwalimu wake aliwafundisha kuwa ile -i- ya kutendea haimaanishi "kwa niaba ya" tu. Akasema mwalimu alikuja siku moja amelowa chapachapa, akawauliza: mvua imeninyeshea, je, imenyesha kwa niaba yangu? Wakacheka darasa zima, na tangu siku hiyo hakuna aliyesahau. Akasema na Nifutie ni hivyohivyo. Kinachofutika kinafutika kwako wewe.

Mfano wangu! Wangu mimi! Alikuwa amekaa mstari wa mbele siku ile, sasa nakumbuka, na alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Chumba kikacheka mpaka mashine ya maji ikatikisika. Yeye peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angecheka ningejua la kufanya.

Ukuu wa idara amepewa yeye. Dirisha amepewa yeye. Na mimi? Mkuu wa kitivo amesema nisipomwomba radhi Binti Vitunguu kwenye grupu lilelile kufikia Jumatatu, somo la mnyambuliko atapewa mtu mwingine. Somo langu! Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho. Nimerudi nyumbani kwa miguu ili nitukane vizuri njiani.

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku njema mwishowe! Nimewaweza.

Mke wangu alikaa karibu yangu tangu asubuhi mpaka nilipomaliza kuandika radhi. Kila nilipoweka neno "lakini" alilifuta kwa kidole chake. Ikatoka fupi: nimemkosea mwenzangu, nimewakosea wanafunzi, naomba mnisamehe. Nikatuma kwa simu yangu. Hiyo nyingine nimeirudisha kwa mwenyewe.

Lo, majibu! Mioyo myekundu, mikono iliyounganishwa. Mama mkwe, waridi. Kiongozi wa darasa akaandika kwamba darasa halina kinyongo na mwalimu wao. Na Binti Vitunguu akaandika mbele ya wote kwamba somo la mnyambuliko linabaki kwangu, kwamba kila anachokijua kuhusu kutendea alikipata kwangu, na kwamba ofisini kwake kuna nafasi ya meza ya pili, karibu na dirisha, mwalimu akipenda.

Nilisoma mara tatu. Mke wangu akasema unaona? Akaenda kupika akiimba.

Dirisha! Amejileta mwenyewe! Mpango ukanijia wote kwa mpigo. Nikamwandikia shemeji habari njema: "Wamemeza! Radhi yenyewe ya uongo mtupu, nimeandikiwa na dada yako. Sasa nahamia mle mle ofisini kwa Binti Vitunguu, nikae kimya, nimchunguze kila kosa, na kabla muhula haujaisha kiti kile ni changu." Nikatuma.

Ikaenda kwenye grupu. Kwa nini simu inaliweka grupu juu kabisa, hapohapo juu ya jina la shemeji? Nani alipanga hivyo?

Mke wangu akasikia nilivyoguta, akaja mbio na mwiko mkononi. Akaona. Akapiga kelele kwamba nibonyeze Futia kila mtu, Futia kila mtu, upesi, kabla hawajasoma! Anaogopa bure. Hajui kwamba ile barua yangu niliituma Jumatano. Leo ni Jumatatu. Kurasa sita, na sura nzima ya kitabu. Watu wazima hao, wasomi, bila shaka wamesharekebisha.

Nikabonyeza Nifutie. Ujumbe umetoweka. Safi kabisa!

Mke wangu amekaa sakafuni na mwiko wake. Simu inaita. Ni mama mkwe. Nadhani anataka kunipongeza kwa ile radhi.